Samaki Mwenye Sauti za Watu

Kimironko, Kigali
9 Februari 2024

Mdogo wangu Maneno,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepungua kukuuma tangu uliponyanyua ile injini. Mimi sijambo, ila usingizi umenikataa. Simu yako haipatikani tangu matanga, kwa hiyo nimempa dereva wa basi la Kamembe bahasha hii, na flashi ndani yake.

Kwenye flashi kuna filamu ya mwisho aliyoisimulia Shami kwa Kiswahili pale ukumbi wa video. Najua hupendi filamu. Hii itazame. Ni wavuvi wa miaka ijayo, wanavua katika bahari iliyo chini ya barafu, kwenye mwezi wa sayari nyingine. Huko chini kuna samaki mkubwa kuliko msikiti wetu. Akimmeza mvuvi, anabaki na sauti yake. Anawaita wenzake kwa sauti za marehemu, nao wanashuka, naye anawakata katikati. Damu inapanda na kuganda kama shanga.

Nahodha ni wewe. Shami anasema: "Mjomba Maneno, jamani, havui kofia hata chini ya maji!" Unamjua mwanangu: kila mtu wa filamu alimpa jina la mtu wa kwetu, na kila sauti aliitoa mwenyewe, hata ya samaki. Baharia mmoja mwoga, anayeiba chakula cha wenzake, alimwita Valens, Muuza Nyama wa Kabuga. Jioni ya kwanza alisimulia nusu tu, na ukumbi ulivunjika mbavu. Kesho yake wateja wakaanza kumtania Valens buchani kwake: "Baharia, tupimie nyama, usiibe!" Jioni akaja ukumbini na nondo.

Norman, mwenye ukumbi, alikuwa nyuma ya nyumba akiwasha jenereta. Hakusikia kitu. Wewe ndiye uliyemwosha Shami, sina haja ya kukuandikia mengine. Polisi bado wanamtafuta Valens.

Shami alikuwa hajamaliza kuisimulia. Nahodha ananing'inia kwenye kamba, samaki anamwita kwa sauti ya mpwa wake, halafu sauti ya mwanangu inakatika na wazungu wanaendelea na lugha yao. Hapo nilizima.

Dada yako,
Raihana


Kamembe, Rusizi
27 Februari 2024

Dada Raihana,

Waalaykumu salaam. Nashukuru kwa barua. Mgongo umepona. Pole kwa usingizi. Nami ni hivyohivyo.

Filamu nimeitazama mpaka sauti ya Shami ilipokatika, nami nikazima. Kwenye kofia nilicheka, kisha nikapiga kikombe ukutani.

Simu nimeizima makusudi. Valens yuko hapa. Amenyoa ndevu, lakini picha uliyonionyesha matangani iko kichwani mwangu. Alikuja gereji kwangu kuuliza nani anaweza kumvusha ziwa mpaka Bukavu bila kupita mpakani. Nikamwambia, "Ni mimi, mzee. Subiri injini ya mashua ipone." Akaniita kaka. Dada, alininunulia chai, nikainywa!

Nina betri kuukuu za lori. Nitazifunga miguuni pake katikati ya ziwa. Lakini kwanza nitamvunja kila mahali alipomvunja Shami. Mimi nilimwosha, mikono yangu inapakumbuka pote: taya, bega, vidole alivyojikinga navyo. Ataomba maji yammeze.

Usinikataze.

Mdogo wako,
Maneno


Kimironko
1 Machi 2024

Maneno, mtoto wa mama yangu,

Salaam. Sikuulizi afya, najua hulali. Dereva nimemwomba akuletee barua hii mkononi.

Sikukatazi. Nilikukataza kupanda paa, ukapanda, ukamwangukia kuku wa bibi, na mchuzi wake ukaunywa wewe.

Nimeenda kwa Norman, tumetazama mwisho wa filamu. Nahodha anashuka na mkuki kulipiza kisasi. Hashindi. Samaki anamng'ata paja, anamvuta, maji yanakuwa mekundu mpaka huoni kitu. Ndipo yule baharia mwoga anaruka na kisu. Anaikata kamba iliyomnasa nahodha, anamsukuma juu, na yeye mwenyewe anabaki kwenye meno. Tuliona mkono wake tu. Valens wa Shami ndiye anayemwokoa nahodha. Na Shami hakuwahi kusimulia filamu kabla ya kuitazama yote. Alijua baharia ataishia wapi alipompa jina lile.

Nakuomba kitu kimoja. Mwanangu alikuwa anaongea hata usingizini, unakumbuka? Alikuwa anauza maandazi kwenye ndoto. Hakufa kimya huyo. Neno lake la mwisho limo ndani ya Valens, na kwingine halimo. Ukimzamisha, umelizamisha nalo.

Muulize kwanza.

Dada yako,
Raihana


Rusizi, mahabusu
19 Machi 2024

Dada yangu mpenzi,

Waalaykumu salaam. Mimi mzima, tunakula, askari amenipa karatasi. Usilie ukisoma nilipo.

Barua yako niliisoma asubuhi ileile tuliyoondoka. Kulikuwa na ukungu. Katikati ya ziwa nilizima injini, nikamwambia mimi ni nani. Alijaribu kuruka. Nikampiga na spana kubwa. Taya ikalia kama kuni kavu, meno mawili yakaanguka kwenye maji ya mashua. Nikampiga begani. Nikazifunga betri, mguu mmoja, kisha wa pili. Alikuwa analia, "Mbabarira, kaka, mbabarira," akiomba nimsamehe. Nikamweka ukingoni.

Ndipo nikamuuliza: "Shami alisema nini?"

Akatema damu. "Alisema nisubiri. Alisema, 'Valens, hujaona mwisho. Mwisho wewe...' Nikampiga kabla hajamaliza."

"Mwisho wewe nini?"

"Sijui, kaka. Mpaka leo sijui."

Dada, asingeweza kulitunga hilo. Mwisho sikuwa nimeuona hata mimi. Ni wewe uliyeniandikia.

Nikakaa chini. Nikamsimulia. Mimi nisiyejua kusimulia, nilimpa sauti ya nahodha na sauti ya samaki. Nilipofika kwenye kisu na ule mkono, alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Alikuwa ananivuta shati, ananiambia nimsukume majini. Nilimfungua betri. Nikawasha injini, nikamrudisha mpaka kituo cha polisi.

Yeye atahukumiwa Kigali. Mimi nitajibu kwa taya yake, na ni haki. Umeletewa neno lako.

Kofia ilianguka ziwani tulipokuwa tunapigana. Nishonee nyingine kama ileile, ile ambayo Shami aliniona nayo chini ya maji.

Mdogo wako,
Maneno