Watu Tisini Kasoro Mmoja

Bonde la Pokeberry,
Machi 3

Kwako kaka Garland,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Noreen, na kwamba goti lako limepata nafuu huko mjini. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo una hasira nawe, na sitaificha.

Tulikuja kwenye kikao chenu cha idara ya afya, mlichofanyia pale mahakamani, watu arobaini na kitu, wengine na viatu vya zizini. Tuliomba kitu kimoja tu: wauguzi wa hospisi, wanaomtunza nyumbani kwake mgonjwa asiyepona tena. Ukatusomea hesabu kama mtu anayesoma utabiri wa mvua. Ulisema serikali hutazama vifo vya miaka iliyopita, ikakadiria wangapi katika kaunti watakufa wakiihitaji hospisi, kisha hutoa wanaohudumiwa tayari. Wakibaki tisini, cheti cha kufungua hospisi kinatolewa. Kwetu wamebaki themanini na tisa, kwa hiyo hatuna uhitaji.

Coy Hensley, uliyekuwa ukivua naye samaki utotoni, alikaa mstari wa mbele na kansa yake ya mifupa. Alikuuliza kama angekufa mapema kidogo ingekusaidia. Watu walicheka, wewe ukatazama saa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilikuchukia siku ile, kaka, na bado sijamaliza.

Ila kuna jambo ambalo wewe hulijui na bonde zima linalijua. Wauguzi wapo kaunti jirani, nanyi mnamhesabu mtu pale fomu yake inaposema anaishi. Basi sisi mgonjwa akizidiwa humpeleka kwa ndugu ng'ambo ya mlima, tunaandika kwamba ndiko kwao. Bibi Fender alifanyiwa hivyo, na Lester Roark pia. Tumewaficha wafu wetu wenyewe, kisha tukaja kwako kulalamika kwamba hawaonekani.

Nilikuandikia kwamba Mama mwenyewe aliomba akaugulie kwa binamu Ruby. Nilikudanganya. Alishika nguzo ya baraza, nikambandua vidole kimoja kimoja. Nikajaza fomu kwamba ameishi kwa Ruby miaka mitatu. Kwa siku tisa aliniuliza atarudi nyumbani lini, nami nikamjibu kesho. Alifia huko, akitazama ukuta wa duka la matairi. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Verna, hapa si kwangu."

Wa tisini ni Mama, Garland.

Kiapo changu cha maandishi, chenye ukweli huu, kimo ndani ya bahasha hii, kimegongwa muhuri. Najua kudanganya kwenye fomu kuna adhabu, na nitaibeba. Pingamizi dhidi ya hesabu yenu zinapokelewa mpaka tarehe ishirini. Mrudishe Mama kwenye hesabu ya kwao.

Nisalimie Noreen na wanao. Coy naye anakusalimu. Anasema yeye hahamishwi kwenda popote, na atajitahidi kukungoja mpaka tarehe ishirini.

Ndimi mdogo wako,
Verna