Darubini Ndani ya Mzinga

Oldeani, kambi ya wafanyakazi,
Karatu

Mdogo wangu Mihayo,

Nakusalimu wewe na wote wanaokula kwenye sahani yako. Mimi ni mzima. Meno yamebaki machache, ila ya kuchekea yote yapo. Jicho lako je? Hilo nauliza kwanza, mengine utanijibu ukipenda. Barua yako ilisema la kushoto limeshafunga ukungu na la kulia limeanza. Ukungu mimi naujua, huku kila asubuhi naukuta mlangoni, lakini wa huku ikifika saa nne unaondoka zake. Huo wako umenikosesha raha.

Shemeji asiseme nimeandikiwa. Mkono ni wangu. Masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, nimemaliza, na mwalimu wetu, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, anasema mwandiko wangu ni mkubwa hata ng'ombe anaweza kuusoma. Kwa hiyo na wewe utaweza.

Sasa kaa vizuri nikupe habari.

Unakumbuka kwenye matanga ya baba nilisema mwezi una milima? Nilisema nimeiona kwa macho yangu, milima na mabonde, na mashimo makubwa kama hili la Ngorongoro hapa juu yetu. Ukasimama mbele ya wajomba wote ukasema, "Kaka Maganga akituambia amekimbizana na simba mpaka simba akachoka, mimi nakubali. Milima ya mwezini, hapana!" Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia wakaacha. Na mimi nikacheka. Lakini nikwambie leo, Mihayo. Ya simba nilidanganya. Ya mwezi ni kweli.

Yule mzee Mzungu aliyekuwa msimamizi wa shamba, wakati nikiwa mlinzi wake, jioni moja aliniita barazani kwenye darubini yake akasema, "Maganga, weka jicho hapa." Nikaweka. Nikaiona milima ile, na jicho sikulitoa mpaka yeye mwenyewe akanivuta shati.

Mzee yule aliondoka zamani, vitu vyake vikagawanyika. Ile darubini ikaangukia kwa Mama Basili, mke wa karani wa stoo, Mmbulu wa Qurus, mama wa kanisani. Kwa miaka yote hiyo miguu mitatu ya darubini aliitumia kuanikia soksi za watoto, na bomba lake akaegemezea mlango. Nilipopata barua yako ya jicho nikaenda kwake na madebe mawili ya asali. Akaniangalia. "Mzee Maganga, unanipa asali yote hii kwa kiegemezo cha mlango?"

"Ni kiegemezo cha mlango wa juu," nikamwambia, nikaondoka nacho kabla hajafikiri mara ya pili.

Vioo vyake vizima, Mihayo. Kile kikubwa cha mbele ni kama sahani ya chai. Na kile kidogo cha nyuma, unapoweka jicho, kinafunguka kama kizibo cha chupa.

Shida ikabaki safari. Kutoka Oldeani mpaka kwetu Sikonge kuna mashimo barabarani ambayo gari likiingia, utingo anaanza kusali. Sijasahau ile saa ya ukutani niliyokutumia, ulivyosema imefika imekuwa chenga za mchele. Fundi seremala wa hapa akaniambia atanitengenezea sanduku la mbao. Nikamwambia sanduku lina pembe nne, na kila pembe inatafuta pa kugonga. Mimi ni mtoto wa mrina asali. Nikatafuta gogo zuri, nikalitoboa mwenyewe kwa siku tatu, nikatengeneza mzinga. Mzinga hauna pembe. Mzinga unaanguka kutoka juu ya mti na kilichomo hakimwagiki. Huku watu walikuja kuutazama, na sisemi kwa kujisifu, hawajawahi kuona mzinga kama ule na hawatauona tena.

Bomba nikalifunga kwenye blanketi langu la baridi, nikalishonea, nikaliingiza. Likakaa katikati kama mtoto mgongoni. Kila upande ikabaki nafasi ya kujaza maganda ya kahawa yasiliache lisogee, ila maganda yalikuwa bado na unyevu, nimeyaanika. Nikaufunika mzinga kwa vifuniko vyake, nikauegemeza ukutani nje. Kisha nikachukua chuma cha moto nikachoma alama ya baba, ile mistari miwili na nukta, ili ukifika Tabora kila mtu ajue una mwenyewe. Unajua kwetu hakuna anayegusa mzinga wenye alama ya mtu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na usimwambie mjomba, maana ndiye aliyenifundisha. Nilipomaliza kuuchonga ule mzinga, mkono wangu wenyewe ulichukua nta na kuusugua ndani. Sikufikiri hata kidogo. Tangu utotoni, mzinga mpya lazima usuguliwe nta ili nyuki waupende. Na tundu la mlango nilikuwa nimelitoboa pia, dogo, zuri, la kupendeza. Mihayo, kahawa imechanua! Shamba zima jeupe, nyuki wamejaa kama mvua. Siku ya pili narudi kutoka kazini, Mama Basili amesimama mbali na nyumba yangu, mikono kiunoni.

"Mzee, mzigo wako umepata wapangaji."

Kundi zima limeingia. Nikaweka sikio, nikasikia wanavuma humo ndani kwenye blanketi langu.

"Si ulisema wewe nyuki wanakutii?" anasema huyo mama. "Waambie watoke."

Nilicheka naye, kisha nikakaa kupiga hesabu. Nikitia moshi mwingi, masizi yatakwenda kwenye kioo. Nikiwaacha, watajenga masega juu ya kioo, na nta ikishika pale hakuna wa kuisafisha bila kukwaruza. Na lori lilikuwa linafika kesho yake. Dereva ni Tluway, kijana wa Endamarariek, anachukua mahindi mpaka Singida, na kule ana mwenzake wa kwenda Tabora. Nikimkosa huyo nisubiri mwezi mzima. Jicho lako lingesubiri mwezi?

Nikasubiri ule ukungu wa asubuhi. Baridi ya huku inalegeza nyuki, wanakuwa kama wazee wa misa ya kwanza. Nikafungua kifuniko taratibu, moshi kidogo tu, pumzi mbili. Walikuwa wameshaanza sega dogo, limeshikilia pindo la blanketi. Blanketi, si kioo! Nikakata, nikamtafuta malkia, nikamhamishia kwenye mzinga wa jirani, wenzake wakamfuata. Nimeumwa mara kumi na moja. Watu nimewaambia ni mara mbili tu.

Blanketi nikalifungua ncha, nikaangalia kioo. Kisafi kama maji ya kisima. Nikajaza maganda, nikaziba tundu kwa gome, nikafunga ile miguu mitatu ubavuni kwa kamba. Wakabaki nyuki wachache humo ndani ambao hawakutaka kuhama, nikawaacha.

Lori likafika, Tluway akausikiliza ule mzinga. "Mzee, hiki kitu kinalia."

"Kinaimba. Kiweke juu ya magunia, chini ya magunia usiweke. Na wewe usikikalie."

Sasa amerudi juzi na amenipa habari yote. Kabla ya Singida walisimamishwa kwenye kizuizi, askari akataka kujua ni magendo gani yamo ndani ya gogo. Tluway, mtoto mwaminifu, akajibu, "Darubini ya kuangalia mwezi."

"Darubini gani inavuma? Unanifanya mimi mjinga?" Askari akavuta gome la tundu. Nyuki mmoja akatoka, akamzungukia kofia. Gome likarudishwa haraka sana. "Peleka mwezi wako," akamwambia, "nenda, nenda!"

Unaona, Mihayo? Ukweli nao una wakati wa kukataliwa.

Mzigo umeshafika Tabora, umewekwa kwenye duka la yule binamu yetu anayeuza majembe. Tuma mtu na baiskeli, aufunge nyuma kwa mpira, asiubebe kichwani. Ufungue asubuhi na mapema. Mkifungua mtakuta kioo kikubwa, bomba na miguu. Kile kioo kidogo cha kuwekea jicho hamtakikuta. Msimlaumu dereva. Ninacho mimi.

Kwanza nilikitoa kwa sababu ni kidogo, kitapotea njiani. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Tluway. Ya kwako ni nyingine. Ningetuma vyote ungeona mwezi, ungeniandikia asante, na mimi ningebaki huku nikisema nakuja mwakani, kama nilivyosema mwaka jana na ule wa juzi. Hilo nalo liko kwenye hesabu ya simba. Sasa bila mimi hiyo darubini ni bomba, na mimi nisipofika mapema wewe huna jicho. Nimeshamwambia msimamizi kwamba kuchuma kahawa mwaka huu watachuma bila mimi. Naondoka na safari ijayo ya Tluway, nayo safari hii haisubiri mwezi, ni baada ya wiki mbili.

Nisalimie shemeji, mwambie uji wangu asiuwekee sukari, nina utamu wa kutosha. Nisalimie mama mdogo, na mjomba mrina asali, ambaye habari ya nta hataisikia. Na wale wajomba wote waliocheka matangani, waambie wasiende mbali na uwanja wako. Watapanga foleni, ila wa kwanza ni wewe.

Ukisikia mzee ameshuka kwenye lori ameshika mfuko wa shati kwa mkono mmoja, usihangaike kumtafutia daktari. Moyo hauna shida. Ameshika mwezi wako.

Ni mimi kaka yako, mwenye mwandiko mkubwa,
Maganga