Mfalme Aliyeanguka Kwelikweli

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini goti limeanza kukuachia ulale, na shangazi amepunguza kukununia. Mimi ni mzima, bado nawashonea mavazi waigizaji wetu. Habari nzito ni za kaka. Kaa kitako kwanza.

Kama ujuavyo, kaka ndiye aliyepewa nafasi ya mfalme katika tanzia yetu mpya. Mwongozaji alitueleza kwamba shujaa wa tanzia huwa mtu mkubwa mwenye dosari moja, naye huitambua maji yakishazidi unga. Kaka akacheka, akasema yeye dosari hana, itabidi aazime.

Kumbe macho yake yalikuwa yanafifia. Aliniambia mimi tu, akaniapisha. Nikashona utepe mweupe kwenye zulia la jukwaa, ukingoni, auone mwisho wake. Siku ya onyesho mwongozaji akauona, akafoka, akauliza ni nani kaweka uchafu ule. Nikamtazama kaka. Neno moja lingetosha, mama. Lakini wenzake wote walikuwepo, hata yule Domo anayeimezea mate nafasi yake. Kaka akapiga magoti, akaufumua utepe kwa mkono wake, akasema mfalme haonyeshwi njia.

Katika tukio la mfalme kumfukuza binti yake, alisonga mbele kwa ghadhabu, akapita ukingo, akaangukia mgongo. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Alikuwa akikuita, “Mama! Mama!”, nao wakazidi kushangilia, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe. Nilipiga kelele wafunge pazia. Mwongozaji akasema wasubiri kidogo.

Daktari anasema hatatembea tena.

Lakini kilichonishikisha kalamu si hicho. Jana mwongozaji alikuja hospitali, nikadhani anakuja kuomba radhi. Alikuja na kazi. Anasema tangu siku ile ukumbi unafurika, watu wanamtaka yule aliyeanguka. Basi Domo atacheza mfalme, na katika tukio la mwisho kaka ataletwa jenezani, awe maiti ya mfalme huyo. Niliinuka nimtoe nje. Kaka akanishika mkono, akamuuliza kwa upole kama maiti itapewa japo neno moja la kusema.

Akajibiwa maiti haina neno la kusema.

Amekubali, mama. Leo asubuhi ameniomba nimpime sanda.

Usije kutazama, nakuomba. Msalimie shangazi, na umwambie kaka anaendelea vizuri.

Ni mimi binti yako,
Kitindamimba