Buti za Mwenyekiti wa Maji

Mbwana, acha unachofanya unisikilize. Natoka Mtongwe sasa hivi, kwenye posa ya Mwidani. Huyu huyu mwenyekiti wa maji.

Kaenda na zile buti za ngozi za kupandia milima alizoachiwa na Mzungu mmoja. Zilikauka zikapasuka. Badala ya kuzisugua mafuta kidogo kwa kitambaa, kamimina kopo zima la sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua. Kopo zima, Mbwana.

"Haziingii maji hizi," akajigamba njia nzima. Maji gani? Mke wangu kaingia kaburini akingoja huyu afungue bomba.

Akazivua mlangoni kama ada. Hatujamaliza kuamkiana, paka wa mtaa mzima wamejaa barazani wanaramba buti. Mwidani anataja mahari, jasho linamtoka, harufu imeshafika jikoni kwa binti anayeposwa, Mwanarehema.

Bibi Dhahabu, nyanya wa binti, akauliza polepole: "Nani kaleta papa aliyeoza mlangoni pangu?"

"Ni viatu vyangu, bibi. Vikioshwa harufu itakwisha, inshallah."

"Vioshwe kwa maji gani, mwenyekiti?"

Nikauma ulimi nisicheke.

Mwanarehema katuma jibu toka jikoni: Mwidani arudi siku bomba la Mtongwe litakapotoa maji, akoge, ndipo wazungumze.

Wallahi binti yule yuko salama. Kwa kazi ya Mwidani, ataolewa na mwingine na kupata wajukuu, na bomba bado halijatoa tone.