Muhuri kwenye Fomu ya Kaka

Shangazi mpendwa,

Nakusihi, barua hii usimsomee mtu. Ukiimaliza, ichome.

Harusi ya dada ilifana. Jumamosi kaka alibeba viti, akapokea wageni, akacheza mpaka shemeji akamtania, "Baba watoto, mbio za kesho utakimbia kwa miguu ya nani?" Akajibu, "Ya kwako, mke wangu. Yangu nimemzawadia bibi harusi." Tulicheka sana.

Unajua mimi ni karani wa ofisi ya mbio. Mtu hapewi namba ya kukimbia bila fomu yenye muhuri wa daktari, na daktari wetu huuacha muhuri wake kwenye droo yangu. Wiki nzima kaka alihangaikia harusi, hakupata nafasi ya kwenda kupimwa. Ijumaa akaniambia, "Mdogo wangu, mimi mzima kama chuma. Nigongee tu." Nikagonga.

Alianguka kilomita ya thelathini, akafa njiani kupelekwa hospitali. Wanasema moyo wake ulikuwa mgonjwa siku nyingi, na kipimo kidogo tu kingeonyesha. Dada anailaumu harusi yake. Hajafungua hata zawadi moja.

Kesho ofisini wanakagua fomu. Nataka dada ausikie ukweli kwangu kwanza, lakini peke yangu siwezi. Njoo, shangazi.

Nipigie ofisini kesho kabla ya saa nne, hawajaanza kukagua. Namba ya kaka usiipige. Simu yake bado iko mezani, na ikilia mwanawe mdogo humwita baba yake aje kuipokea.

Mwanao, karani