Namba Zinazoshuka

Kasongo, Jumatano usiku

Hapana, kesho sitakana maneno yangu. Prefe, mkuu wa shule yetu, akasirike tu.

Leo nilikuwa ninalieleza darasa la sita la sekondari jinsi ilivyothibitishwa kwamba hesabu haijipingi. Kila uthibitisho unapewa namba ya mpangilio, na nyingine zinapita namba zote za kawaida. Kama uthibitisho mmoja ungetupa sifuri sawa na moja, tungepata mwingine wenye namba ndogo zaidi, na mwingine tena, bila mwisho. Lakini namba hizo hazishuki bila mwisho.

Zaina akanyoosha mkono. "Madamu, nani alihakikisha kama kushuka kunaisha?"

Nikasema kweli: hesabu peke yake haiwezi kuhakikisha. Darasa likacheka. Kumbe prefe alikuwa dirishani.

"Mutihani wa serikali iko karibu, na weye unaambia watoto hesabu ni imani? Kesho urekebishe!"

Tangu hapo situlii. Je, kama nimewavunja moyo kabla ya mtihani...

Magharibi Zaina alikuja nyumbani, akachuchumaa uwanjani na kuchora mavumbini.

"Omega inapita namba zote za kawaida. Ukishuka toka pale, unaangukia namba fulani ya kawaida. Hata ikuwe kubwa namna gani, utafika sifuri. Omega mbili vilevile. Lakini juu sana kule, sioni tena."

"Hata miye, kule ninaona kwa shida."

"Basi, Madamu, tuwaonyeshe mpaka pale tunaona."

Usingizi hauji. Kesho nitampa Zaina chaki, prefe akiwa dirishani au ndani.