Jani la Nilofari

Jumatatu, 6 Novemba
Chupa kumi na moja tena za vipande vya embe ninavyojaribu kuotesha zimegeuka nyeusi. Embe ni kiumbe mkorofi — ukilikata tu, linajitia sumu lenyewe! Aprili nilianza na chupa mia mbili na arobaini, kutoka matunda machanga ya mwisho ya mti wa Baba, Nilofari, aina ya embe aliyokuwa nayo yeye peke yake. Zimebaki tatu. Mti tuliukata Septemba, umeoza hadi kiini, na kila kijiti tulichopandikiza kilikufa kwa ugonjwa ule ule. Kwa hiyo Nilofari yote duniani ni chupa tatu kwenye rafu ya maabara. Mungu wangu.

Jumamosi, 11 Novemba
Mizizi! Miwili, myeupe, katika chupa moja! Homoni ya mizizi nilitia mara mbili ya alivyoagiza Daktari Saxena, mkuu wa maabara. Akanikuta nacheka peke yangu. Nuzhat, akasema, mzizi si mti, chupa hiyo isifunguliwe hata kidogo, vijidudu vitaingia. Zile mbili nyingine zimekufa.

Jumatano, 15 Novemba
Baba hali chakula. Chai tu. Haoni tena, ila kila saa anauliza mti wake. Nimeiba chupa — ndiyo, nimeiba — nikaifunga kwenye ushungi hadi nyumbani Malihabad. Nikamwekea mkononi, nikaenda kumpakulia dengu. Dakika mbili!

Kurudi, kifuniko kiko kitandani. Baba amesugua jani, ananusa vidole. Wakulima wa huku wote hujua aina ya embe hivyo. Analia.

"Ndiyo yenyewe, binti yangu! Naijua hii kuliko harufu ya mama yako!"

Nilitaka kumpigia kelele. Nikamlisha dengu. Akamaliza bakuli.

Jumatatu, 20 Novemba
Ukungu umeingia chupani. Uzi mweupe, shinani. Daktari akautazama, akanitazama. Utoe mche leo, akasema, uoshe, uupande, labda. Hakuuliza kitu. Bora angenitukana.

Nimeupanda kwenye nyuzi za nazi, nimeufunika kwa glasi ya plastiki. Nimeuweka bafuni nyumbani, penye unyevu. Haujakomaa hata nusu.

Jumatano, 22 Novemba
Jani moja limeanguka. Lililobaki limelegea. Baba amekula mayai mawili, amekaa barazani, ameita wazee wenzake. Nilofari imerudi, anawaambia, kisha ananigeukia mimi.

"Mtoto wetu hajambo?"

Hajambo, Baba.

Sasa anataka niulete, wenzake nao wanuse. Naandika nimejifungia bafuni. Wazee saba, jani moja, na likisuguliwa mche umekwisha. Nawasikia wanacheka, na Baba anacheka kuliko wote.

"Nuzhat! Leta basi!"

Nimeshika glasi.